Kabla ya kumeza ashwagandha, mwambie daktari wako

Huenda umekwisha kuiona chupa yenyewe. Imeandikwa ashwagandha kwa herufi kubwa, ina picha ya mzizi, na pembeni kuna maneno ya kuvutia: hutuliza mawazo, huleta usingizi, huongeza nguvu mwilini. Huuzwa katika maduka ya dawa na maduka makubwa ya mijini, na anayependa kuagiza kwa simu huletewa hadi mlangoni. Wanaoinunua si wagonjwa mahututi. Ni mwalimu ambaye mkopo wa Sacco umemnyima usingizi, ni mfanyabiashara wa Keroka ambaye moyo humwenda mbio kila mwisho wa mwezi, ni kijana wa chuo anayekaribia mtihani, ni mama anayelala saa tano na kuamka saa nane za usiku kuhesabu karo.

Kabla hatujaenda mbali ningependa ulielewe jambo moja. Ashwagandha si maji ya rangi. Ina nguvu, na nguvu hizo zimepimwa. Hapo ndipo shida ilipo, kwa maana kitu chenye uwezo wa kubadilisha homoni za mwili hakiwezi kuutumia uwezo huo kwa mema peke yake. Wengi wanaoimeza huihesabu kuwa chakula au chai. Muuguzi wa Kisii au Nyamira anapowauliza wanatumia dawa gani, hujibu, "Hakuna." Hawana nia ya kumdanganya. Kwao dawa ni ile iliyoandikwa na daktari, na mitishamba ni mambo ya nyumbani.

Ndugu wa rinagu

Jina ashwagandha ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Sehemu ya kwanza ni farasi na ya pili ni harufu, kwani mzizi mbichi husemwa kuwa unanuka kama farasi. Wataalamu wa mimea huuita mmea huo Withania somnifera, na hilo neno la pili ni Kilatini lenye maana ya kinacholeta usingizi. Waganga wa India wanaofuata tiba ya Ayurveda wameutumia kwa karne nyingi.

Hata hivyo usidhani huu ni mmea wa Wahindi pekee. Huota wenyewe sehemu nyingi za Afrika na Mashariki ya Kati, na hapa Kenya huonekana katika maeneo makavu makavu, kando ya barabara na katika viwanja vilivyoachwa. Ni kichaka kifupi chenye majani ya manyoya laini, na tunda lake ni dogo, jekundu, lililofungwa ndani ya ganda jembamba kama karatasi.

Mmea huu ni wa ukoo wa mnavu, ukoo wa nyanya, viazi vya mviringo, biringanya, pilipili na tumbaku. Kwa hiyo ni ndugu wa rinagu, mboga ambayo nyumba nyingi za Kigusii huila kwa obokima. Udugu huo una faida kwetu, kwa sababu akina mama wa Kisii na Nyamira tayari wanaujua ukoo huu jikoni. Mpishi mzoefu hatii matunda mabichi ya rinagu katika chungu. Rinagu chungu huichemsha, akamwaga maji, kisha akaitia maziwa. Kiazi kilichogeuka kijani hukitupa. Hakuna aliyempeleka chuoni kujifunza hayo. Anajua kwamba ukoo huu hulisha na pia una sumu, na kwamba yote hutegemea umechuma sehemu gani, umepika kiasi gani, na umepika vipi.

Katika ukoo huo huo kuna mnanaha, ambao humfanya mtu aone yasiyokuwapo na aweza kufa. Basi asikushawishi mtu kwenda kuchimba mizizi porini kwa sababu umeona picha katika simu. Utafiti tutakaouzungumzia hapa ulihusu zaidi mzizi wa mmea unaojulikana, na haukuhusu kichaka chochote kinachofanana nao.

Omonyamete alikujua, chupa haikujui

Wakazi wa Gusii hawahitaji kufundishwa kuhusu tiba za miti. Wana abanyamete, waganga wa mitishamba, na wana ababari, wale wapasuaji wa kichwa ambao sifa zao zilifika hadi vyuo vikuu vya ng'ambo. Gome la omoiri, mti mnaoujua vyema, limesafirishwa kwa miaka mingi kutoka Afrika kwenda Ulaya, ambako hutengenezwa dawa ya wanaume waliovimba tezi ya kibofu. Biashara hiyo ilikua hata mnamo 1995 mti huo ukawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa usije ukaisha. Ajabu ya dunia ni hiyo: Mzungu ananunua omoiri ndani ya chupa, nasi tunanunua mzizi wa India ndani ya chupa.

Omonyamete mwema huwa anamjua mgonjwa wake. Anajua mama fulani ni mja mzito, mzee fulani hunywa kila jioni, kijana fulani ana kifafa. Humpa mzizi wa kuchemsha kwa siku chache, akamwambia arudi aonwe. Yeye pia hukosea, na wako matapeli wengi waliojivika jina lake, lakini angalau kuna jicho linalomtazama mgonjwa.

Chupa haina jicho. Ina vidonge 60 au 90, na vikiisha unanunua vingine. Isitoshe, kilichomo mara nyingi si mzizi uliosagwa tu. Ni kiini kilichokamuliwa kiwandani, ambamo zile kemikali zenye kazi, ziitwazo withanolaidi, zimekusanywa zikawa nyingi kuliko zilivyo katika mzizi. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mimea ya dawa cha 2009, lilitaja gramu 3 hadi 6 za unga wa mzizi kwa siku. Kiini hupimwa kwa miligramu mia chache tu, ishara ya jinsi kilivyo kikali. Anayechota kiini kwa kijiko kama anavyochota unga wa mzizi anajitakia balaa.

Ni kweli inasaidia?

Ndiyo, kwa kiasi. Mnamo 2012 watafiti wa India walitoa matokeo ya jaribio la watu wazima 64 waliokuwa wakisumbuliwa na mawazo ya muda mrefu. Nusu walipewa miligramu 300 za kiini cha mzizi mara mbili kwa siku, na nusu vidonge visivyo na dawa, kwa siku 60. Waliopewa dawa walipata nafuu zaidi, na kiasi cha kotisoli katika damu yao, ile homoni ambayo mwili hutoa wakati wa dhiki, kilipungua.

Kuhusu usingizi, mnamo 2021 wataalamu waliyaweka pamoja majaribio 5 yenye jumla ya watu 400. Waliona kwamba ashwagandha husaidia kidogo, na zaidi kwa wale walio na tatizo la kukosa usingizi, waliotumia miligramu 600 au zaidi kwa siku kwa wiki 8 au zaidi. Naomba ulizingatie neno "kidogo". Hawakusema huondoa tatizo.

Wanaume nao watataka kujua juu ya lile jambo lao. Mnamo 2013 kulitolewa jaribio la wanaume 46 wenye upungufu wa mbegu za uzazi, na waliotumia mzizi huo kwa siku 90 waliongezeka mbegu. Ni habari njema, lakini watu 46 hawajazi hata matatu manne. Majaribio mengi ya ashwagandha ni ya namna hiyo: watu wachache, wiki chache, na mara nyingine watengenezaji wenyewe wakitoa gharama. Mengi hayakupita wiki 12. Ndiyo sababu mtu akikuambia amekula vidonge hivi miaka miwili na ni salama, anakupa habari zake mwenyewe, si za sayansi.

Nami nitasema lililo moyoni. Mtu asiyelala kwa sababu ya deni, akilala kwa kidonge, huamka na deni. Na mtu ambaye kwa wiki kadhaa hana hamu ya chakula, hataki kuonana na watu, analia bila sababu au anafikiria kujitoa uhai, huyo ana ugonjwa unaotibika hospitalini na asicheleweshwe na chupa ya mizizi.

Macho yakigeuka manjano

Sasa tuje kwenye ini. Kila unachomeza hupitia humo kabla ya kufika kwingine, na ini ndilo linalofanya kazi ya kukivunja vunja.

Mnamo 2020 madaktari wa Iceland na Marekani walieleza habari za wagonjwa 5 walioumia ini baada ya kutumia ashwagandha. Dalili zilianza kati ya wiki 2 na wiki 12 tangu waanze kuitumia: macho na ngozi kuwa manjano, na mwili kuwasha sana. Wote walinusurika walipoacha, ingawa ini la wengi wao lilichukua mwezi mmoja hadi mitano kurudi hali ya kawaida.

Habari zilizotoka India mnamo 2023 zilitisha zaidi. Wagonjwa 8 walikuwa wametumia ashwagandha peke yake, bila kuichanganya na mitishamba mingine. Kati yao, 5 walikuwa tayari na ugonjwa sugu wa ini kabla ya kuanza. Watatu kati ya hao 5 walifariki.

Tusikuze mambo kupita kiasi. Mamilioni ya watu duniani wanaitumia, na walioumia ini ni wachache mno. Lakini je, wewe unajua ini lako liko katika hali gani? Homa ya ini aina ya B yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuonyesha dalili yoyote. Anayekunywa chang'aa kila wiki huenda amekwisha kulichosha ini lake bila habari. Mtu wa namna hiyo anamfanana yule mgonjwa wa India kuliko anavyomfanana mtu mzima mwenye afya aliyechaguliwa kwa jaribio.

Dalili zenyewe zaweza kukupoteza njia. Mwili kuchoka, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula: wengi wetu tutasema ni malaria, tutanunua dawa ya malaria na panadol, na zote hizo zipite katika ini lile lile lililojeruhiwa. Tazama mkojo. Ukiwa mweusi mweusi kama chai ya rangi, na choo kikawa cheupe cheupe, na mwili ukawasha usiku, acha vidonge siku hiyo hiyo uende hospitali upimwe ini. Tazama macho kwa mwanga wa jua, si kwa taa, kwa maana taa nyingi huficha umanjano.

Kuna sababu nyingine ya kutoficha, na ni nzito katika sehemu zetu. Ugonjwa usiojulikana ulikotoka hutafutiwa mwenyewe. Mnamo Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani, Kisii, kwa kushukiwa uchawi. Mtu anapogeuka manjano ghafla naye ameficha chupa chini ya godoro, familia hubaki ikiuliza ni nani aliyemroga. Chupa ingetajwa, daktari angekuwa na jibu.

Shingo, sukari na mimba

Mbele ya shingo kuna tezi ya thairoidi, inayotoa homoni zinazoongoza kasi ya mwili. Mnamo 2018 jaribio la watu 50 ambao tezi yao ilikuwa imelegea kidogo lilionyesha kwamba miligramu 600 za ashwagandha kwa siku, kwa wiki 8, ziliongeza homoni hizo. Kwa aliye nazo pungufu hiyo yaweza kusikika kama tiba. Lakini kama tayari anameza levothairoksini aliyopimiwa na daktari, sasa anazo mbili zinazosukuma upande mmoja. Na yule ambaye tezi yake inakwenda kasi, anayetumia kabimazoli kuituliza, anamwaga maji motoni kwa mkono mmoja na mafuta kwa mkono wa pili. Matokeo ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukonda na kukosa usingizi. Angalia mzunguko huo: mtu alianza vidonge kwa sababu ya moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, na vidonge vikamwongezea yale yale, naye akaongeza vidonge.

Wenye kisukari pia wajihadhari. Ashwagandha yaweza kushusha sukari ya damu. Ikikutana na insulini au dawa nyingine za kisukari, sukari inaweza kushuka mno, hasa kwa mtu aliyetoka asubuhi bila kula, kama wanavyofanya wengi wanaowahi sokoni Daraja Mbili au mashamba ya majani chai ya Nyamira. Kizunguzungu, jasho baridi na kuchanganyikiwa ni dalili za hatari, na dawa ya kwanza ni kitu chenye sukari mdomoni papo hapo.

Vivyo hivyo kwa shinikizo la damu. Dawa zako zinaishusha, nayo ashwagandha yaweza kuishusha zaidi, ukainuka kitandani na kuanguka.

Kwa mama mja mzito sina maneno mengi: asiitumie kabisa. Kumekuwa na wasiwasi wa muda mrefu kwamba kwa wingi yaweza kuharibu mimba, na Shirika la Afya Duniani limeonya vivyo hivyo. Anayenyonyesha naye aiache. Na kwa kuwa mimba haijulikani siku ya kwanza, mwanamke anayetarajia kupata mtoto asianze vidonge hivi.

Ilikuwa ni mambo hayo ya mimba, ya homoni za uzazi na ya thairoidi yaliyofanya Denmark kupiga marufuku ashwagandha mnamo Aprili 2023, kufuatia ripoti ya chuo kikuu chake cha ufundi ya 2020. Wataalamu wa India waliupinga uamuzi huo wakisema ushahidi ni hafifu. Mabishano hayo yanaendelea, na nchi nyingi zimeiacha iuzwe.

Dawa zisizopatana nayo

Mzizi unaoleta usingizi, ukiutia juu ya dawa nyingine ya usingizi, huleta usingizi mara mbili. Anayetumia diazepamu, au fenobabitoni kwa ajili ya kifafa, asithubutu bila kumwuliza daktari. Pombe ihesabu humo humo. Dereva wa matatu wa Kisii hadi Sotik na mwendesha bodaboda wasiijaribu kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia safari.

Anayetibiwa kifua kikuu yuko katika hatari ya pekee. Rifampisini na isoniazidi zenyewe hulibebesha ini mzigo, ndiyo maana daktari humwuliza mgonjwa juu ya macho na mkojo. Akiongeza ashwagandha na macho yakageuka manjano, daktari hatajua alaumu nini, na huenda akasimamisha dawa za kifua kikuu ambazo hazikuwa na kosa. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi naye asiongeze kitu bila kukitaja kliniki.

Aliyewekewa figo ya mtu mwingine hutumia dawa za kupunguza kinga ya mwili ili figo isikataliwe, nayo ashwagandha yaweza kuiamsha kinga. Hali ni hiyo kwa mwenye magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama lupusi na baridi yabisi ya viungo. Mwenye saratani ya tezi ya kibofu aiache pia, kwani yaweza kuongeza homoni ya kiume. Na kama umepangiwa upasuaji, mwambie daktari mapema. Wengi hushauri iachwe wiki 2 kabla.

La hatari kuliko yote ni kuacha dawa za hospitali na kushika za miti. Mtakumbuka 2011, wakati maelfu kwa maelfu, wakiwemo Wakenya wengi, walipokwenda Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Mti aliouchemsha ni ule ambao Abagusii huuita omonyangateti. Wako walioacha dawa za Ukimwi na za kisukari wakiamini wamepona. Kikombe hakikuwaua. Waliumizwa na yale waliyoyaacha nyumbani.

Ndani ya chupa kuna nini?

Mnamo 2004 watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston na kuzipima. Kati ya hizo 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mnamo 2008 waliokuwa wakinunua kwa mtandao walipata karibu kiwango kile kile kati ya dawa 193. Hazikuwa ashwagandha zote, na madini mengine hutiwa makusudi katika baadhi ya dawa za Ayurveda. Lakini mnunuzi wa Kisii hawezi kuiona risasi kwa macho wala kuionja.

Dawa za kienyeji za "nguvu za kiume" zina ujanja wa namna yake. Mara nyingi, nchi mbalimbali zimezikuta dawa hizo zimetiwa sildenafili, dawa ya hospitalini, bila kuandikwa kokote. Mzee wa moyo anayetumia vidonge vya naitreti kwa maumivu ya kifua anaweza kuanguka na kufa kwa mchanganyiko huo. Unga "wa mizizi" unaofanya kazi ndani ya saa moja uutilie shaka kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa Kenya wenye jukumu la kusajili dawa za mitishamba zinazouzwa kwa pakiti ni Bodi ya Dawa na Sumu. Tafuta namba ya usajili, jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, sehemu ya mmea iliyotumika na miligramu kwa kila kidonge. Chupa isiyo na hayo irudishe rafuni, hata kama bei ni ya kutupa. Sheria ya Afya ya 2017 nayo imezitambua tiba za kienyeji, na imetaka kuwe na utaratibu wa waganga kuwatuma wagonjwa hospitalini. Kwa hiyo usione haya kumtajia daktari omonyamete wako, wala omonyamete daktari wako.

Ukiamua kuitumia

Baada ya yote hayo, yuko msomaji mwenye afya, asiye na mimba, asiyekunywa pombe, asiyetumia dawa nyingine, anayetaka kujaribu. Simkatazi. Aanze na kiasi kidogo, asipite miligramu 600 za kiini kwa siku, na ameze baada ya chakula kwani wengi huumwa tumbo au kuharisha wakimeza tumbo likiwa tupu. Aandike tarehe ya kuanza ukutani au katika kalenda. Wiki 8 zikipita bila nafuu yoyote, hakuna haja ya kununua chupa ya pili. Asipite miezi mitatu. Asiichanganye na mitishamba mingine, maana akidhurika haitajulikana ni ipi. Na amweleze mtu mmoja wa nyumbani kwamba anaitumia.

Aliye na kisukari, presha, thairoidi, kifafa, kifua kikuu, Ukimwi au tatizo lolote la ini asianze kabla ya kwenda kliniki yake. Siku ya kwenda, iwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, hospitali ya kaunti ya Nyamira au zahanati ya karibu na kwako, usitegemee kulikumbuka jina hilo gumu. Ibebe chupa yenyewe pamoja na kila kitu kingine unachomeza, hata ule unga uliofungwa kwa gazeti, uviweke mezani mbele ya daktari. Kama tayari umedhurika, usiitupe chupa kwa hasira. Daktari au mfamasia aweza kuijazia Bodi fomu ya madhara ya dawa, na namba ya toleo iliyoandikwa chini ya chupa ndiyo itakayowaonyesha ni mzigo upi wa kufuatilia madukani.